Nifikirie nini?

Tangu Jumapili iliyopita kuna maneno mawili yamenikaa kichwani, hayatoki. Nimeosha nayo vyombo, nimesahihisha nayo madaftari ya Darasa la Sita, na juzi nilipitiliza kituo kwenye daladala nikiwa nayajibu kimoyomoyo, mpaka konda akaniuliza kama nimeamua kulala garini.

Ni maneno ya Bwana Kengele. Wasomaji wa siku nyingi mnamjua: ndiye aliyegonga ile rimu ya gari pale shuleni dakika arobaini kabla ya wakati, shule nzima ikatoka kwenda nyumbani, walimu wawili wakiwemo. Ana miaka 13, analelewa na bibi yake Kihonda, na kwenye kundi langu la skauti hakuna anayemkaribia kwa mafundo. Mpe kamba ya katani, mfumbe macho kwa skafu, atakufungia kitu ambacho utakifungua kwa kisu.

Kambi ilikuwa Bigwa, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, Ijumaa hadi Jumapili. Watoto 26, viongozi wawili, na mvua ile ya huko inayokuja bila hodi. Jumamosi alfajiri, saa kumi na moja hivi, hema la kikosi cha Nyati likaanguka lote kwa mpigo. Upepo haukuwepo. Bwana Kengele alikuwa ameamka gizani, akafungua kamba za hema moja baada ya nyingine, akazifunga upya kwa lile fundo la kuvuta mara moja, akaziunganisha ncha zote kwenye kamba moja ndefu, akaenda kujibanza nyuma ya mwembe. Kisha akavuta.

Nikiri hapa ambapo mwalimu mkuu hasomi: ilikuwa kazi safi. Nilizikagua kamba zile kwa tochi baadaye. Mafundo manne, yote sawasawa. Tatizo ni kwamba ndani walikuwa wamelala watoto sita, na nguzo ilimpiga yule mdogo kuliko wote juu ya jicho, damu ikatoka.

Saa moja nikamwita pembeni. Alikuja na sare kamili, skafu imenyooka, soksi zimevutwa hadi magotini, kama mtu anayekwenda kupokea cheti. Sijasema neno, akageuka, akanipa mgongo, akainama na kushika magoti.

"Simama vizuri," nikamwambia. "Hapa sipigi mtu."

"Nipige tu, Madam, yaishe."

"Sikupigi. Kaa chini ya mti huu ufikirie ulichofanya."

"Nifikirie nini?"

"Utajua mwenyewe."

Basi. Hayo ndiyo mazungumzo yote. Nimeyarudia mara nyingi kiasi kwamba sasa nasikia hata yule jogoo wa jirani aliyekuwa anawika katikati.

Mtu atasema alikuwa ananijibu kwa jeuri. Hapana. Nina miaka kumi na moja kwenye ualimu, jeuri naijua: inaanzia kwenye kope, inashuka kwenye midomo, na mwili mzima unakaa upande. Huyu alikuwa amesimama wima ananitazama usoni, kama mtoto anayeuliza swali la hesabu lianzie wapi. Alitaka kujua. Alikuwa tayari kufikiri, ila alitaka aambiwe afikirie nini, na kwa muda gani, na atajuaje kwamba amemaliza.

Na mimi sikuwa na jibu. "Utajua mwenyewe" ni maneno ya mtu asiye na jibu ambaye hataki ionekane.

Niseme ukweli wangu, maana humu siandikii kamati. Shuleni nimechapa. Utaratibu unajulikana: viboko visizidi vinne, achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa ruhusa kwa maandishi, na iandikwe kwenye daftari. Daftari hilo lina sahihi yangu, ukurasa zaidi ya mmoja. Nilipoanza skauti niliamua kwamba nikivaa skafu fimbo inabaki ofisini, na nimelishika hilo, na, nisifiche, nimejivunia sana. Nimewahi hata kumhubiria mwalimu mwenzangu wa Hisabati, ambaye ndiye kiongozi mwenzangu kambini, mpaka akaomba udhuru akaenda chooni.

Lakini Bwana Kengele ananijua pande zote mbili. Ofisini anajua hesabu: vinne, anajipangusa, anarudi darasani, na saa ya mapumziko tunasalimiana. Chini ya mwembe nilimpa adhabu isiyo na idadi. Hakuna mahali ilipoandikwa, na hakuna aliyejua inaisha lini, hata mimi niliyeitoa.

Nilimweleza Baba Neema Jumapili usiku. Akacheka. "Ungempa viwili tu, leo wewe ungelala na yeye angelala." Nikamnunia hadi asubuhi. Nikiwa nachemsha chai ndipo nikashtuka kwamba nimemnunia mtu mzima usiku kucha bila kumwambia kosa lake ni lipi, na nilikuwa nasubiri ajue mwenyewe.

Haikuishia hapo mwembeni. Baada ya kumwambia akae, nilipanda bodaboda na yule mtoto wa Nyati kwenda zahanati. Foleni mnazijua. Akasafishwa kidonda, akawekewa plasta, tukarudi saa nne na nusu. Kati ya saa moja na saa nne na nusu sikumkumbuka Bwana Kengele hata mara moja.

Nilipofika chini ya mwembe hakuwepo. Pale alipokuwa amekaa, kwenye vumbi, alikuwa amechora duara, na katikati ya duara nukta.

Ijumaa usiku, kwenye moto, nilikuwa nimewafundisha alama za njia. Mshale, msalaba, na hiyo ya mwisho: duara lenye nukta, maana yake nimekwenda nyumbani. Nikawasimulia kwamba alama hiyo iko kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, kule Nyeri, Kenya, alikofia mwaka 1941, kaburi linalotazama Mlima Kenya. Watoto walinyamaza kimya, nikajiona msimulizi hodari. Sasa nimesimama juu ya alama hiyo saa nne na nusu asubuhi, naifikiria barabara kutoka Bigwa hadi Kihonda: mji mzima, Msamvu na mabasi yake, mtoto wa watu peke yake. Miguu ilikufa ganzi. Nilimfikiria bibi yake. Bibi huyo hajanisamehe bado kwa mkono wa kushoto. Siku ya kiapo alimwona mjukuu wake ananipa mkono wa kushoto, nami napokea, akasema mbele za watu kwamba tunawafundisha watoto utovu wa adabu. Nilimweleza kwamba ndivyo skauti wanavyosalimiana dunia nzima. Akasema dunia nzima haikumlea yeye. Huyo ndiye niliyekuwa naenda kumwambia nimempoteza mjukuu wake.

Dakika kumi nilizunguka naita. Nikampata nyuma ya jiko, amechuchumaa, ameinamia lile sufuria kubwa la kwaya, kijiko mkononi, anakwangua ukoko wa wali wa jana yake.

Hofu ikiisha ghafla hugeuka hasira, sijui kwa nini. "Unaiba ukoko wa wenzako baada ya yote uliyofanya?" Niliisema kwa sauti, na kikosi cha Chui wote walisikia. Akaweka kijiko chini. "Duara nimechora kama ulivyotufundisha," akasema, "ili ujue nimeondoka." Nikamjibu kwamba hapa si nyumbani kwake. Hakusema kitu.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo yake: mwalimu mkuu amepata uhamisho kwenda Ulanga, na Alhamisi posa ya mdogo wangu ikajibiwa, wamekubali, mahari ni wiki ijayo. Mama alilia kwenye simu kwa furaha. Nami huku namsikiliza, kichwani: nifikirie nini. Niliandaa majibu. Fikiria ingekuwa jicho lenyewe. Fikiria wewe ndiye mdogo kuliko wote na giza limekuangukia. Mazuri sana, yote yamechelewa siku tano.

Jana Jumamosi tukakutana uwanjani shuleni kama kawaida, nikaamua kuitisha baraza la heshima, yaani viongozi wa vikosi wakae waamue shauri wenyewe. Mkufunzi wetu hachoki kutukumbusha kwamba tangu ile kambi ya kwanza ya skauti ya kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, vijana kama ishirini waligawanywa vikosi vinne, kila kikosi chini ya kijana mwenzao aliyepewa madaraka kweli. Mimi madaraka hayo nimekuwa nikiyatoa kwa mambo ya nani abebe bendera. Jana niliwaachia shauri lenyewe, nikakaa pembeni na daftari, nikauma ulimi.

Waliketi viongozi wa vikosi vinne. Wawili walitaka afukuzwe. Mmoja alitaka aoshe vyombo vya kambi mpaka amalize Darasa la Saba, na alikuwa hatanii. Kisha akasema yule binti wa Nyati, ambaye hema lilimwangukia mwenyewe, na ambaye kwa kawaida ukitaka asikike lazima watu wote wanyamaze.

"Yeye anajua mafundo, sisi hatujui. Ndiyo maana alituangusha. Atufundishe mpaka ashindwe kutuangusha."

Wakaliandika. Halina tarehe, lakini lina mwisho: siku atakapovuta hema la Nyati lisianguke.

Wangu, mngeona! Bwana Kengele aliposomewa hukumu alifungua mdomo, akaufunga, akauliza, "Tunaanza leo?" Hema likasimamishwa pale pale karibu na mlingoti wa bendera. Akawa mwalimu mkali kuliko mimi. Kila mtoto wa Nyati akafunga, yeye akaja akapitisha kidole, akatikisa kichwa, akafungua, "Rudia." Yule mdogo mwenye plasta alirudia mara saba, jasho linamtoka, ulimi nje. Mara ya nane Bwana Kengele akavuta. Akavuta tena kwa mikono miwili, ameegemea nyuma, visigino vinachimba mchanga. Hema likatikisika, likasimama.

"Madam! Madam, njoo uone! Hii haifunguki!"

Alikuwa anacheka kwa sauti, amemshika yule mdogo shingoni kama ndugu. Sijui nani alikuwa na furaha zaidi. Mwalimu wa Hisabati akaja kujaribu naye, akavuta hadi kifungo cha shati kikaruka. Nilicheka nikakaa chini. Kwa nusu saa nzima sikuwa na maneno yoyote kichwani.

Wakati wa kukunja hema nikamwita. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima.

"Siku ile kule Bigwa," nikasema, "uliniuliza ufikirie nini. Sikukujibu vizuri."

Akanitazama. "Siku gani?"

"Jumamosi. Chini ya mwembe."

Akafikiri kwa haki kabisa, uso umekunjamana. Kisha ukafunguka. "Aa, ile siku niliyokosa chai."

Nikamuuliza chai gani. Akaniambia, bila kulalamika. Filimbi ya chai ilipigwa saa mbili, akawaona wenzake wanapanga mstari na vikombe. Yeye alikuwa ameambiwa akae, akakaa. Alidhani ndiyo adhabu yenyewe. Mwalimu wa Hisabati alidhani nimekwenda naye zahanati. Saa nne chai ilishaisha na vikombe vimeshaoshwa, ndipo akachora duara, akaenda kutafuta ukoko.

Kwenye mafunzo ya ulinzi wa mtoto nilisimama mbele ya watu thelathini nikasoma kwa sauti mambo ambayo kiongozi hafanyi, na kumnyima mtoto chakula kuwa adhabu ni moja lao. Nililisoma kwa kujiamini kabisa. Wiki nzima hii nimejitesa kwa maneno, neno gani ningelisema na sauti gani, na kumbe mtoto maneno hakuyabeba hata kidogo. Alibeba njaa. Na lile la "unaiba ukoko", ambalo sikulitilia maanani, ndilo lililosikiwa na kikosi kizima cha Chui.

Nilimwambia, "Hilo lilikuwa kosa langu. Chai haikuwa adhabu. Na ukoko hukuiba." Nikawaita Chui nikalisema tena mbele yao, maana nililisema mbele yao. Wakatazamana. Kiongozi wao akasema, "Sisi tulijua, Madam. Tulimwachia sisi." Yaani wale watoto walikuwa wamemwekea ukoko mwenzao! Mimi tu ndiye nilikuwa sijui kinachoendelea kwenye kambi yangu.

Bwana Kengele akaninyoshea mkono wa kushoto. Nikaupokea. Kwenda kwa bibi yake naenda kesho, lazima asikie kutoka kwangu kabla hajasikia kwa jirani, na sijui nianze na chai au na hema. Pengine nibebe sukari.

Na kuhusu lile sufuria la kwaya: mfuniko wake sijauona tangu Jumapili. Nimetafuta stoo, nimetafuta kwenye gunia la mahema, nimempigia Mwalimu wa Hisabati. Mama Mchungaji ameshauliza mara mbili, na wali wa mahari utapikwa humohumo.