Semista ya kwanza: picha, mwanga na kalkuleta

Semista inaelekea ukingoni na nyumbani bado wananiuliza hivi kweli uko chuo au umeenda Dar kujifunza kupiga picha za harusi. Mama ndo kabisa, akipiga simu nikishamaliza shikamoo tu anaanza, "mwanangu, na ile fizikia yako imeishia wapi?" maana nilisoma PCM na majirani wote walishatangaziwa injinia anakuja. Nikimwambia mama fizikia ndo nasoma huku anajua namzuga.

Lakini ndo ukweli. Kwenye hii diploma ya picha, mwaka wa kwanza kuna somo la sayansi ya mwanga, optiki na kemia kidogo, na darasa limekatika vipande viwili, waliotoka arts wanalia na sisi wa sayansi tunajifanya tumeshafika. Ila tofauti naiona, advance tulikuwa tunakariri fomula tunaenda kuitema kwenye pepa basi imeisha, huku ticha anakupa kamera anakwambia haya nionyeshe hiyo fomula iko wapi.

Chukua namba za apacha, lile tundu la lenzi linalopitisha mwanga, 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Wapiga picha wengi wa mtaani wanazijua kwa mkono tu, ukifungua zaidi nyuma panafifia, na kazi zao ni safi wala siwadharau. Mimi zilikuwa zinanikera, kwa nini 5.6 na sio 6? Kumbe ile f ni urefu wa fokasi gawanya kwa kipenyo cha tundu, yaani lenzi ya milimita 50 ikiwa f/2 tundu lina milimita 25, ikiwa f/4 lina 12.5, na kwa vile mwanga unaoingia unafuata eneo la duara, ukitaka upungue nusu unagawa kipenyo kwa kipeuo cha pili cha 2, ndo maana kila namba ni ya nyuma yake mara 1.4 na ushee. Pai r skweya ile ile ya sekondari, ipo kwenye pete ya lenzi miaka yote na hakuna aliyewahi kutuambia, aisee.

Kilichonikaa zaidi kichwani lakini ni mita ya mwanga. Kamera haijui unapiga nini, inakadiria tu kwamba kilicho mbele yake kinarudisha kama asilimia 18 ya mwanga, kijivu cha katikati hivi. Sasa Ijumaa mwenzetu mmoja mweusi tii katoka msikitini na kanzu yake nyeupe pee, jua la saa saba, tukampiga picha kamera ikiwa kwenye oto. Kanzu imejaa fremu, kamera ikaona mwanga umezidi ikaupunguza, kanzu ikatoka ya kijivu na uso haupo. Tukamsogeza kwenye ukuta wa giza, mambo yakageuka, kamera ikaongeza mwanga mpaka ngozi ikatoka imepauka kama hajapaka mafuta wiki nzima. Kwa hiyo kwenye kanzu unaongeza eksposha, kwenye giza unapunguza, na hapo ni fizikia tupu inaongea.

Ila kuna upande ambao sio fizikia. Enzi za filamu Kodak walikuwa wanapelekea maabara kadi ya kusetia rangi, ikiitwa Shirley, na aliyekuwa kwenye hiyo kadi ni mwanamke mzungu, rangi yake ikitoka vizuri basi mashine iko sawa, ni miaka ya 1990 ndo wakaja na kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Nikakumbuka albamu za shangazi, zile picha za harusi za zamani, watu wamepanga mstari unaona meno na shela tu, na lawama zote alikuwa anabeba fundi picha wa watu. Sisemi mafundi wote walikuwa wazuri, ila wengine tumewaonea bana.

Af kuna chumba cha giza, ambacho bado tunacho, kidogo na kina joto la hatari. Taa nyekundu inawaka, karatasi ya picha iko nje kabisa na haiungui. Hii mimi ndo iliniingiza kwenye fotoni, yaani vile vipande vidogo vya mwanga, vizuri kuliko yale maelezo ya Einstein ya 1905 tuliyodesa form six. Fotoni nyekundu ya nanomita 650 ina nishati kama eV (elektronivolti) 1.9, ya bluu ya 450 ina karibu 2.8, na ile bromidi ya fedha kwenye karatasi inaitikia bluu, nyekundu haina nguvu ya kuistua. Sio wingi wa mwanga, ni kila fotoni imebeba kiasi gani. Unasimama pale unaona kwa macho yako.

Juani pia tunafanya, sayanotaipu, njia ya John Herschel ya 1842. Unapaka karatasi chumvi za chuma, unaweka jani la mwarobaini juu, miale ya UV inabadilisha chuma namba tatu kuwa namba mbili, unasuuza na maji ya bomba inabaki bluu ya kufa mtu na umbo la jani jeupe. Anna Atkins, Mwingereza, aliitumia kuanzia 1843 kuchapisha kitabu kizima cha mwani. Mwani! Huku Paje na Jambiani umejaa, likizo naenda na karatasi zangu.

Sasa hivi nina asainimenti ya kupiga picha ya mwezi. Rumeti wangu anasoma uhasibu, kanikatalia katakata kwamba naweza kuupiga kwa seti za mchana, ISO 100 (kamera isiwe nyepesi sana kunasa mwanga), f/11, shata ifunguke sekunde 1/100 tu, eti usiku huo mwanga nautoa wapi. Nimemwambia jua linaloupiga mwezi ndo hili hili letu, na uso wake wenyewe ni mweusi, unarudisha kama asilimia 12 tu, sio mbali na ile 18 ya kamera. Hataki. Tumewekeana chipsi mayai, tatizo ni haya mawingu, na kukusanya ni Jumatatu.