Nyumba ya Kumlaza Mgeni: Kumbukumbu ya Mradi wa Klabu Yetu, Tanga

Julai, wiki ya kwanza

Mwaka wa Rotary, mtandao wa dunia nzima wa klabu za watu wanaojitolea kuhudumia jamii, huanza tarehe 1 Julai, na katika mkutano wa kwanza wa mwaka huu klabu yetu hapa Tanga imenikabidhi kazi mbili kwa pamoja: kusimamia uchangishaji wa fedha za kujenga vyoo vya wasichana katika shule moja ya sekondari, na kuandaa safari yetu ya kwanza ya kubadilishana vijana na klabu moja ya jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani. Jimbo hilo si geni masikioni mwa watu wa Tanga, kwa kuwa mji wa Eckernförde ulioko huko una udugu na mji wetu wa miongo mingi. Ninaandika kumbukumbu hii kwa sababu nilipotafuta faili la mtu aliyewahi kuifanya kazi ya vijana hapa kwetu sikulipata, na sipendi atakayenifuata aanze gizani kama nilivyoanza mimi.

Kubadilishana vijana ni jambo la zamani katika Rotary. Klabu ya Nice, Ufaransa, ndiyo iliyolianza mwaka 1927. Ipo safari ya muda mrefu, ambayo kijana husoma ugenini mwaka mzima, na ipo ya muda mfupi, ambayo kwa kawaida familia mbili hupokezana watoto kwa wiki chache. Sisi tumechagua wiki nne kwenda na wiki nne kuja.

Umri unaotakiwa ni wa miaka 15 hadi 19, lakini kalenda yetu ya shule inabana zaidi ya umri. Kidato cha pili wana mtihani wa taifa, kidato cha nne wana mtihani wa taifa, na mzazi mwenye busara hamtoi mtoto katika mwaka kama huo. Kwa hiyo tumetangaza nafasi kwa kidato cha tatu peke yake, aende Juni wakati wa likizo yetu, na mwenzake wa Ujerumani aje baada ya shule za kwao kufungwa.

Septemba

Tumefanya matembezi ya baiskeli ya hisani kutoka katikati ya mji hadi Raskazone na kurudi. Tanga ni tambarare na watu wake wamezoea baiskeli tangu utotoni, kwa hiyo hatukuhitaji kumfundisha mtu. Walijiandikisha watu 140, kila mmoja kwa shilingi 10,000, na tukapata shilingi 1,400,000. Hapo ndipo nilipojifunza somo la fulana. Kila mshiriki alipewa fulana iliyotugharimu shilingi 6,000, yaani shilingi 840,000 zilikwenda kwa mchapaji, na katika kiingilio tukabaki na shilingi 560,000 tu. Kilichotuokoa ni wenye maduka, ambao walitoa shilingi 3,600,000 taslimu. Tulipotoa gharama za maji na huduma ya kwanza, zilibaki shilingi 3,900,000. Mwakani tutawafunga watu utepe mkononi, na fulana atanunua anayeitaka.

Njia tuliyotumia kuwafikia wenye maduka ni ile ile ya kamati ya harusi: kadi, ahadi, orodha, na mtu mmoja mpole wa kukumbushia ahadi. Wanachama wetu karibu wote wamewahi kuwa wahazini wa harusi, na ustadi huo ni mali kubwa ambayo hatukuwa tumeihesabu. Tofauti ni kwamba mchangiaji wa harusi hula pilau na kuiona fedha yake palepale, ilhali mchangiaji wa vyoo anatakiwa kuletewa ushahidi. Tumeamua kila aliyetoa, hata aliyetoa shilingi 2,000, apate stakabadhi sasa na picha ya jengo litakapokamilika. Mfuko wa Rotary wa dunia nzima, ambao wazo lake lilitolewa na Arch Klumph mwaka 1917, ulipokea mchango wake wa kwanza kutoka klabu ya Kansas City, nao ulikuwa dola 26 na senti 50. Niliwasomea wenzangu habari hiyo siku ya hesabu, kwa sababu baadhi yao walikuwa wameanza kuona haya kwa udogo wa noti tulizokuwa tukizipanga mezani.

Novemba

Mahesabu ya vyoo yamekaa sawa. Klabu ya Ujerumani imetoa kiasi cha shilingi 3,000,000, ruzuku ya Distrikti yetu ya Rotary, yaani umoja wa klabu za eneo letu, ni shilingi 2,600,000, na pamoja na za baiskeli tumefikisha shilingi 9,500,000, ambazo fundi amekubali zinatosha matundu manne na chumba cha kubadilishia nguo. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20. Shule ina wasichana 240 na matundu matano, kwa hiyo tukimaliza yatakuwa tisa na bado yatapungua matatu. Nimeliandika hilo wazi katika taarifa, ili asije mtu akatangaza kwamba tatizo la shule hiyo limekwisha.

Upande wa safari, fedha ya tiketi ya binti tuliyemchagua haikutimia, na mwenzetu mmoja alipendekeza kwa nia njema kabisa kwamba tuazime katika fedha ya vyoo na kuirudisha baada ya Krismasi. Mkutano ulinyamaza. Kila wiki tunasoma kwa sauti maswali manne yaliyotungwa na Herbert Taylor mwaka 1932, alipokuwa akiokoa kampuni ya sufuria iliyokaribia kufilisika huko Chicago: je, ni ukweli, je, ni haki kwa wote wanaohusika, je, litajenga nia njema na urafiki, je, litawafaa wote wanaohusika. Rais wa klabu hakutoa hotuba. Aliomba tu tuyasome tena, polepole. Tuliposhindwa kupita swali la pili, pendekezo liliondolewa na mwenyewe aliyelileta. Watu 140 walikanyaga pedali kwa ajili ya vyoo, na fedha yao haina ruhusa ya kupanda ndege.

Badala yake tumeanzisha bakuli la furaha. Mwenye habari njema husimama, huisema, na huweka chochote. Mtoto amefaulu, mama ametoka hospitali, mnazi uliopandwa miaka sita iliyopita umezaa. Kwa wiki tisa bakuli hilo limekamilisha tiketi, na kwa mara ya kwanza nimejua majina ya watoto wa watu ninaokaa nao meza moja kwa miaka minne.

Februari

Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ningependa atakayenifuata aisome mara mbili. Fedha tuliipata mapema kuliko nyumba.

Kwa kawaida mgeni hulala kwa familia ya mwenzake. Masharti ya Rotary, hata hivyo, yanataka awe na kitanda chake mwenyewe. Chumba anaweza kushirikiana na mtoto wa jinsia yake na wa umri unaokaribiana naye, lakini kitanda hapana. Watu wazima wote wa nyumba huhojiwa, wadhamini hupigiwa simu, nyumba hutembelewa kabla mgeni hajafika na akiwa ndani yake, na mshauri wa kijana hawezi kuwa mtu wa familia inayompokea, ili kijana awe na pa kusemea. Binti yetu anaishi Ngamiani na wazazi na wadogo zake watatu katika vyumba viwili. Nilipomweleza mama yake, aliweka chini ungo wa mchele aliokuwa akiupeta na kuniuliza, "Baba, mwanangu analala kwao, halafu wa kwao alale kwa jirani?" Sikuwa na jibu la kumtosha. Tulikubaliana kwamba mgeni atashinda kwake kila Jumapili, na kwamba chakula cha kwanza atakachokula Tanga kitapikwa na yeye.

Nyumba tatu nilizoziomba baada ya hapo zilinikatalia kwa adabu. Waliudhika si kwa sababu ya mgeni, maana watu wa pwani hawaogopi wageni. Waliudhika kwa kuulizwa tabia zao kwa wadhamini na kuombwa hati ya polisi ya alama za vidole. Ya nne ilikuwa ya muuguzi mstaafu wa Chumbageni, anayeishi na mjukuu wake wa kike wa miaka 16. Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu ya kumtuliza. Nilipofika nilimwamkia, akaitikia, akanisikiliza hadi mwisho akiwa na fomu mapajani.

"Mwanangu," aliniambia, "huyu binti wa Ngamiani atakapolala kwa watu huko Ulaya, wewe umeuliza nani yumo ndani?"

"Tumeuliza, mama. Tumeletewa taarifa yao yote."

"Basi na wao wana haki ya kuuliza yangu." Akachukua miwani yake na kuanza kujaza.

Tangu siku hiyo naanza kila ziara kwa kumwonyesha mwenyeji taarifa za familia ya upande wa pili kabla sijamwomba za kwake, kadiri familia hiyo ilivyoniruhusu, na sijakataliwa tena.

Aprili

Pasipoti imetoka Uhamiaji kwa shilingi 150,000. Viza imetusafirisha hadi Dar es Salaam mara mbili badala ya moja, kwa kuwa jina la kati la binti limeandikwa kwa herufi tofauti katika cheti cha kuzaliwa na katika kumbukumbu za shule, na ilibidi wakili aandae kiapo. Majina yalinganishwe siku ya usaili, kabla ya jambo lolote lingine.

Juni

Ameondoka na vibendera sita vya klabu yetu kwenye begi, vya kubadilishana na klabu atakazozitembelea. Jana alituma ujumbe kwamba saa nne usiku bado kuna mwanga na haelewi aswali Isha saa ngapi. Mshauri wake wa kule amemkutanisha na familia moja ya Kiislamu iliyo karibu.

Agosti

Mgeni wetu amefika, na chakula cha kwanza alikula Ngamiani kwenye mkeka, kama tulivyoahidi. Chumbageni nilimkuta ameketi juu ya mbuzi, nazi mkononi, mjukuu wa nyumba hiyo akimwonyesha jinsi ya kuzungusha kifuu bila kuifikia ile sehemu ya kahawia inayotia tui weusi. Alijaribu kusimama aniamkie, muuguzi akamzuia, "Malizia kwanza," naye akasema "Shikamoo" akiwa ameketi, unga wa nazi umemjaa magotini.

Vyoo vinatumika tangu shule zilipofunguliwa. Picha na stakabadhi za fundi nimezituma Ujerumani, na wenye maduka nimewapelekea nakala kwa mkono. Kilichobaki ni ziara ya pili ya mshauri siku ya Alhamisi, taarifa ya Distrikti, na kumkabidhi faili mwenzangu atakayeshika kamati ya vijana. Ndani yake nimeweka barua za nyumba tatu zinazoomba kukaguliwa kwa ajili ya mwakani. Ya kwanza iko Makorora, na tumeahidi kufika wote wawili Jumamosi baada ya Alasiri.