Miwani ya kuvulia: usinunue giza

Kwa miaka minne nimevua baharini na miwani nyeusi tii za barabarani, zile za elfu tano elfu saba, na miaka yote minne niliamini kurudi nyumbani kichwa kinagonga na macho mekundu kama nimelia ndo uvuvi wenyewe ulivyo. Sivyo. Naandika hii manake wiki hii watu watatu wameniuliza miwani yangu mpya ya polaraizi, ile inayokata mng'ao wa maji, nimeitoa wapi na wote swali la kwanza ni "ni nyeusi sana eti?", nikaona hili kosa langu la miaka minne tunalo wengi.

Pwani yetu ya Dar inatazama mashariki, ndo shida inapoanzia. Ukitoka Kigamboni au Kunduchi saa kumi na mbili asubuhi unalifuata jua, linakupiga usoni na lingine linakurudia kutoka kwenye maji, af jioni ukirudi jua limeshahamia upande wa mji na liko mbele yako tena. Saa sita saba liko utosini, si tuko nyuzi kama 7 tu kusini ya ikweta. Mwishoni mwa kaskazi upepo ukilegea ndo kabisa, maji yanakuwa kama paa la bati jipya, huoni chini hata futi moja, unachoona ni mbingu imelala juu ya maji.

Siku iliyonibadilisha tulikuwa watatu kwenye boti ya faiba nje kidogo ya Mjimwema, mimi, mjomba na nahodha wetu ambaye tunamwita Babu tu, mzee wa miaka sitini na kitu ambaye amevua tangu utotoni. (Visiwa kama Mbudya na Bongoyo hatuvui, ile ni hifadhi ya bahari tangu 1975, tafadhali na nyie mpaheshimu.) Saa tatu asubuhi, maji yanapwa, mimi narusha mshipi kwa kubahatisha na naambulia mwani. Mjomba ana miwani aliyoletewa na baharia mmoja, lenzi ya kahawia, wala sio nyeusi, ukimtazama unamwona macho yake. Akaivua akanipa. "Hebu vaa uangalie pale mbele, usiangalie chini ya boti, pale mbele."

Jamani. Ule mng'ao wote uliondoka kama mtu kavuta shuka. Niliona mchanga mweupe, nikaona mwamba kama doa la kahawia limekatika mstari, na pale mchanga unapokutana na mwamba kuna vivuli vinasogea taratibu, vinasimama, vinasogea. Nikaivua, bati. Nikavaa, mwamba. Nilifanya hivyo mara tano sita mpaka mjomba akadai miwani yake. Nikarusha chambo palepale kwenye ule mstari na haikupita dakika mshipi ukavutwa, changu mzuri wa kutosha sahani. Samaki walikuwa pale asubuhi nzima, mi nilikuwa sioni tu.

Sasa kwanini lenzi nyepesi ionyeshe kuliko nyeusi? Mwanga wa jua unakuja ukitikisika pande zote. Ukigonga maji yaliyotulia, sehemu kubwa ya ule unaorudi juu inakuwa imelala, inatikisika sambamba na uso wa maji, na huo uliolala ndo unaochoma macho na kuficha samaki. Lenzi ya polaraizi ina utando ndani unaokata mwanga uliolala na kuruhusu uliosimama. Basi. Lenzi nyeusi ya kawaida haichagui, inapunguza kila kitu sawasawa, mng'ao unapungua na samaki nae anapungua, unabaki na bati lilelile ila la jioni. Ndo maana nasema watu tunanunua giza.

Utando wenyewe ni wa siku nyingi, Mmarekani Edwin Land aliutengeneza mwishoni mwa miaka ya 1920, af 1937 akaanzisha kampuni ya Polaroid, ileile ya zile kamera za kutoa picha papo hapo ambazo wazee wetu wanazikumbuka. Mi nilipojua hilo nilifurahi sana, sijui kwanini.

Kitu kingine ambacho mjomba alikuwa anakijua kwa mazoea na mi nimekuja kusoma baadae, kuna pembe ambayo hii kitu inafanya kazi vizuri zaidi. Kwa maji ni kama nyuzi 53 kutoka kwenye mstari wa wima, kwa lugha ya boti ni kutazama maji ya mbele kidogo, sio kuinama ukaangalia chini ya miguu na sio kutazama upeo wa macho huko mbali. Na ukiinamisha kichwa begani mng'ao unarudi, kwahiyo we ukiona bado maji yanawaka chezesha kichwa kidogo kulia kushoto utapata pahala panapofunguka.

Haya, kununua. Nilienda Kariakoo jumamosi moja na nilizunguka kama masaa mawili. Karibu kila ubao wa miwani una kastika kameandikwa polaraizi, na kastika hakana maana yoyote, kanabandikwa popote. Wengine wana kadi yenye picha iliyojificha, ukivaa unaona samaki au gari limetokea, hiyo inasaidia lakini hakikisha miwani uliyoijaribu ndo unayofungiwa. Mi nilifanya hivi, niliazima miwani ya mjomba nikaenda nayo. Kila niliyopewa niliishika mbele ya ile ya mjomba, lenzi juu ya lenzi, nikaizungusha taratibu kama nageuza usukani robo mzunguko. Ya kwanza hakuna kilichotokea. Ya pili hakuna. Ya tatu, kijana muuzaji anasema "kaka hii orijino kabisa", hakuna. Ya nne nilipofika robo lenzi zikazima, nyeusi kabisa kama mtu kafunga dirisha, yule kijana mwenyewe akashtuka akaniambia hebu rudia bro. Tukarudia na ubao mzima, mimi na yeye, watu wakaanza kusimama kuangalia. Kwenye ubao wa miwani kama arobaini tulipata sita. Akazitenga pembeni na nadhani bei yake ilipanda palepale ila mi aliniuzia elfu ishirini na tano na alikuwa mstaarabu sana.

Kama huna ya kuazima, tafuta gari limepaki juani, tazama mng'ao kwenye boneti ukiwa umeshika miwani mbele ya jicho moja, af izungushe. Kama ni polaraizi kweli mng'ao utakuwa unakuja na kuondoka kadri unavyozungusha. Kama ni rangi tu haubadiliki. Skrini ya simu pia inaweza, nyingi zinafifia au kuzima ukizungusha, ila sio zote kwahiyo usiitegemee peke yake. Na hii ya skrini uikumbuke ukiwa baharini, mara ya kwanza nimetoa simu nimlipe Babu hela ya mafuta nikakuta nyeusi nikadhani imeingia maji, roho ilinitoka, kumbe niliishika kwa kulaza. GPS ya boti nayo hivohivo, unaweza ukadhani imekufa.

Rangi sasa, hapa ndo watu wanabishana sana. Kwa uvuvi wetu wengi, wa kwenye mwamba, maji ya pima mbili tatu, mchanga na majani, mi nasema kahawia au rangi ya shaba, bila kusita. Inaongeza utofauti, mwamba unajitenga na mchanga, samaki anajitenga na majani. Kijivu ni nzuri kwa wanaoenda mbali kufuata nguru na jodari kwenye maji ya bluu jua kali siku nzima, haibadilishi rangi za vitu na macho yanapumzika. Njano ni ya alfajiri na mawingu, saa nne utaitupa. Zile za kioo kioo kwa nje, za bluu na kijani zinazopendeza, kile kioo ni mpako tu wa kupunguza mwanga zaidi, hakiifanyi miwani kuwa ya polaraizi, usidanganyike. Ndani ya mkono wa miwani nzuri utakuta namba ya kundi, kundi la 3 linapitisha mwanga asilimia 8 mpaka 18 na hilo linatosha Dar. Kundi la 4 ni giza zaidi, na hilo haliruhusiwi kuendeshea gari, we unayetoka Feri na bodaboda ukiwa umevaa hiyo fikiria mara mbili.

Halafu UV, ile miale ya jua isiyoonekana inayoumiza macho, hii naomba isomwe vizuri. Polaraizi ni kitu kingine na kinga ya UV ni kitu kingine kabisa, miwani inaweza kuwa na kimoja ikakosa cha pili. Tafuta iliyoandikwa UV400, ndo yenye kinga ya hiyo miale. Miwani nyeusi isiyo na kinga inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa, kwasababu giza linafanya mboni ifunguke af miale inaweza kuingia kwa wingi zaidi. Babu ana kinyama kwenye jicho la kushoto, kimeota kutoka upande wa pua kikaingia juu ya kile cheusi, na ukipita soko la samaki Feri asubuhi utawaona wazee wengi wana hicho kitu. Daktari wa macho aliyemuona alimweleza kwamba jua, upepo na vumbi la miaka mingi ndo vinakileta, na jua hilohilo linachangia mtoto wa jicho. Babu amevua zaidi ya miaka arobaini na hakuna mtu aliyewahi kumwambia avae kitu machoni. Hilo linaniuma, mana kofia walimwambia, dua walimfundisha, nyota na upepo walimfundisha, macho hakuna.

Lenzi ya plastiki ngumu, ile polikaboneti, chukua hiyo usichukue ya glasi. Glasi inaonyesha vizuri na haikwaruziki hovyo ila ni nzito na inapasuka. Mwezi uliopita mshipi wangu ulinasa kwenye mwamba, nikavuta, nikavuta tena, ukaachia ghafla na chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi, likaruka kutoka kwenye maji likanigonga hapa, kwenye lenzi ya kulia, tak! Kuna alama kama punje ya mchele mpaka leo, naiona nikiwa naandika hii miwani iko mezani. Hilo lilikuwa jicho langu.

Umbo, chagua ya kukumbatia uso, pembeni pasiwe na uwazi mana mwanga wa pembeni unaingia na kujipiga nyuma ya lenzi, lakini kope zisiguse. Vaa na kofia yenye ukingo. Funga kamba ya shingoni, hata uzi wa mshipi unafaa, chini ya bahari hii kuna miwani nyingi sana. Ukitoka majini usiifute na tisheti, chumvi ikikauka ni mchanga, mwagia kwanza maji baridi ya kwenye chupa ndo ufute na kitambaa laini. Na usiiache juu ya dashibodi, joto linatoa utando mapovu.

Zile sita za Kariakoo nilinunua mbili. Ya pili ni ya Babu, kahawia, nilimpelekea jumapili na nikamkuta anatengeneza mshipi barazani. "Shikamoo Babu." "Marahaba, karibu." Akaivaa, akasema ya kike hii, nikamwambia Babu subiri tukiwa kwenye maji. Tulipofika nje akatazama mbele muda mrefu bila kusema kitu. Af akaanza kuutaja mwamba kwa majina, hiki kichwa cha huku, ule mkono wa kule, pale pana shimo la chewa, majina ambayo mimi nimekaa nae miaka minne sijawahi kuyasikia, na kila alichokitaja mi nilikuwa nakiona kwa macho yangu. Nikamwomba aanze upya nirekodi kwenye simu. Nikaishika simu wima.