Siku moja maishani mwangu: fundi mbao Tabora, leo nimeponzwa na neno "kata"

Saa 12 na nusu asubuhi nafungua karakana, Isevya hapa, mzee jirani ananirushia salamu ya asubuhi, "mwangaluka", namwitikia huku natafuta ufunguo mifukoni. Chai, chapati mbili.

Saa 2 namwachia dogo mbao ya mninga, inchi mbili kwa sita, futi kumi, namwambia kata tupate mbili kwa tatu za kitanda, mi nafuata misumari. Narudi nakuta kaigawa katikati, vipande viwili vya futi tano tano! "Si umesema kata, fundi?" Nikamfokea weee, halafu nikakumbuka kweli nilisema kata. Sisi mafundi kukata ni kukatiza nyuzi za mti, kufuata urefu wake ni kuchana, na gogo zima linapasuliwa. Hata misumeno ni miwili, wa kuchana meno yake yamekaa kama patasi, yanachimba, wa kukata yana ncha kali kama visu vidogo.

Saa 5 umeme hakuna. Tumekaa juu ya maranda, mama lishe kaleta ugali, kusikia kesi yetu akacheka, anasema kwa bibi yake walikuwa wanachana ukindu kwa kucha kabla ya kusuka mkeka, na kila uzi unaotoka unaitwa chane. Ndo nikapata picha, hata nywele tunazichana maana chanuo linafuata urefu wa unywele. Dogo naye, "na wewe asubuhi si umenichana kwa maneno." Nimekaa kimya.

Saa 9 umeme huo, tunachana mbao nyingine. Mninga huu una mchezo, ukifika nusu mpasuo unajifunga unabana msumeno, inabidi uchomeke kabari nyuma, na vumbi lake ni chafya mwanzo mwisho. Safari hii nimepiga mstari wa penseli kutoka kichwa mpaka mkia, dogo aone.

Saa 12 jioni tunafagia. Zile za futi tano nitafanyia stuli. Dogo kaokota mabaki ananiuliza, "Hizi nizichanje za kuni?" Hapo kapatia mwenyewe, kuni zinachanjwa, kama chale zilivyokuwa zinachanjwa kwa wembe, ndo mana mpaka leo watoto wanapelekwa chanjo wakati sindano haipasui kitu, inatoboa tu. Nikamwambia chanja, ila stuli zangu usiziguse.