Wazee wa Uluguru hawakuwa wakaidi

Ukipanda kule Matombo au Kibungo Juu, kwenye milima ya Uluguru mkoani Morogoro, ukataja tu ngazi, yaani kukata mteremko wa shamba uwe vidaraja vya tambarare, mbele ya mzee aliyekula chumvi, utaona anabadilika. Atakusikiliza kwa heshima, atakupa na kigoda ukae, lakini jibu ameshakuwa nalo. Maafisa wengi wanashuka mlimani wanasema watu wa huku ni wagumu, hawataki kuelimishwa. Mi kazi yangu ni hifadhi ya udongo na maji, bibi shamba wanavyoniita vijijini, na kwa jinsi nilivyoiona hii milima naamini kabisa kwamba wale wazee walikuwa wanaujua udongo wao kuliko waliokuja kuwaamrisha, na ukilielewa hilo basi hata namna ya kufanya hii kazi inabadilika yote.

Stori yenyewe kwa wasioijua. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, kwa sababu mito iliyokuwa inashuka mlimani ilikuwa inajaa tope na walikuwa na wasiwasi na maji ya huku chini. Wazo lenyewe halikuwa baya. Ila likaja kwa amri, watu wachimbe matuta ya ngazi kwenye mashamba yao, asiyechimba apelekwe barazani apigwe faini. Ilipofika Julai 1955 watu wakachoka, ikawa vurugu pale Matombo, polisi wakapiga risasi na mtu akafa. Baada ya hapo mpango haukukaa muda. TANU ndo ilikuwa imetimiza mwaka mmoja tu tangu izaliwe, kwaiyo unaweza kuelewa hasira za ngazi ziliingia wapi.

Sasa nilipokuwa nasoma, hii habari ilifundishwa kama mfano wa siasa kuharibu utaalamu. Siasa ilikuwepo sikatai, na kulazimishwa kunauma, lakini kuna kitu kwenye udongo wenyewe ambacho huwa hakitajwi, na ndicho kilinifanya niandike leo.

Milima ya Uluguru upande wa mashariki inapata mvua nyingi sana, sehemu nyingine zinapita milimita 2,000 kwa mwaka, na mteremko ni mkali. Udongo wenye rutuba ni ule wa juu tu, mweusi mweusi, kina chake mara nyingi hakizidi urefu wa jembe. Chini yake ni udongo mwekundu au wa njano, umeoshwa na mvua miaka na miaka, hauna chakula cha maana kwa mmea. Ukichimba ngazi kwa pupa unakata ukingo wa juu unamwaga chini ili upate sehemu ya tambarare, matokeo yake udongo mweusi unafukiwa chini kabisa na ule mwekundu unabaki juu. Unapanda mahindi hapo. Yanatoka ya njano, yamedumaa, na mbolea huna kwa sababu ni miaka ya hamsini na wewe ni mkulima wa mtama na mahindi ya kula. Kwaiyo umetoa jasho lako kwa lazima, umepoteza siku za kulima, alafu mwisho wa msimu unavuna kidogo kuliko jirani ambaye hakuchimba kitu. Mtu gani mwenye akili angekubali?

Na siyo kwamba Waluguru hawakuwa na njia yao. Walikuwa wanalima vingazi vidogo vidogo, jembe linavuta majani na udongo kuteremka chini, majani yanafukiwa kwenye kijituta, yanaoza pale pale, msimu unaofuata unapanda juu yake. Haikuzuia mmomonyoko wote lakini ililinda rutuba, na haikuhitaji mtu avunjike mgongo.

Ushahidi mwingine uko upande wa pili wa mlima huo huo, Mgeta. Kule ngazi zipo mpaka leo na watu wanazitunza wenyewe bila kusukumwa. Ni Waluguru hao hao. Tofauti ni kwamba Mgeta wanalima mboga, kabichi, karoti, njegere, wanamwagilia kwa mifereji, gari inapakia kwenda Morogoro mjini na Dar, kwaiyo ngazi inalipa, maji ya mfereji hayawezi kukaa kwenye mteremko mtupu lazima uwe na sehemu tambarare. Na samadi wanayo, kule kuna mbuzi wa maziwa waliotoka Norwei walioletwa miaka ya themanini, mbuzi anafungiwa bandani analishwa majani yanayokatwa kwenye kingo za ngazi, samadi inarudi kwenye ngazi. Ukiwa na samadi hata udongo mwekundu unaamka baada ya misimu kadhaa.

Kuna babu mmoja upande wa Kinole ndo alinifungua macho zaidi kuliko kitabu chochote. Tumefika pale na vijana wawili wa kijiji, shikamoo babu, marahaba mama, karibuni. Nikamweleza tunachotaka kufanya. Akanyamaza, akainuka akachukua jembe, akachimba shimo fupi tu pembeni ya mgomba, akachota udongo wa juu kwa mkono wa kulia na wa chini kwa mkono wa kushoto akanionyesha yote miwili. Akaniuliza, "Mama, mahindi yangu yatakula wapi, huku au huku?" Nikamwambia yatakula mkono wa kulia babu, na kama siwezi kukurudishia huo wa kulia juu basi nisikuchimbie. Akasema haya, nionyeshe unavyourudisha.

Na kweli unarudishwa, siyo siri ya wataalamu. Unafanya kiangazi, Juni mpaka Septemba, mvua isikukute shamba liko wazi. Unaanza na ngazi ya chini kabisa siyo ya juu. Unakwangua udongo mweusi unauweka pembeni, ndo unakata ule mwekundu na kusawazisha, na uwanja wa ngazi uinamie kidogo ndani kwenye mlima, usiinamie nje. Ukimaliza hiyo unapanda kwenye ngazi ya pili, udongo mweusi wa ya pili unauteremsha kufunika ya kwanza. Wa tatu unafunika ya pili. Unaendelea hivyo mpaka juu, na ile ya mwisho ndo inafunikwa na ule mweusi uliouweka pembeni mwanzoni kama mna nguvu za kuubeba, kama hamna basi hiyo ndo inapewa samadi yote na mnapanda maharage kwanza. Kazi ni kubwa zaidi, sidanganyi, ndo maana nasema usianze na ekari, anza na kipande ambacho familia yako inaweza kukimaliza, waone mavuno, waamue wenyewe.

Kupima kontua, yaani mstari wa usawa unaokingama na mteremko, pia watu wanadhani mpaka uwe na kifaa cha bei. Fremu ya A inatosha: fito mbili za kama mita mbili, fito fupi ya kukatisha katikati, kamba inaning'inia kutoka juu na jiwe mwishoni. Unaisimamisha mahali, unaweka alama pale kamba inapogusa fito ya kukatisha, unageuza miguu, mguu wa kushoto unakaa ulipokuwa wa kulia, unaweka alama ya pili. Katikati ya hizo alama mbili ndo usawa wako. Kuanzia hapo unatembea nayo mguu kwa mguu shamba zima, kila kamba inapotulia katikati unapigilia kigingi. Watoto wa shule wanaipenda hiyo kazi balaa, wanaweza kukupimia mstari wa shamba zima huku mama anapika.

Umbali kati ya mstari na mstari unategemea mteremko. Hesabu tunayotumia sana Afrika Mashariki ni kuchukua asilimia ya mteremko, gawanya kwa 4, ongeza 2, zidisha kwa 0.3, unapata ni mita ngapi za kushuka wima kabla ya mstari unaofuata. Kwa mteremko wa asilimia 20 inatoka mita 2.1 za wima, sawa na kama mita 10 na nusu ukipima kwa usawa, siyo kwa kufuata mteremko. Wa asilimia 40 inatoka 3.6, kwa usawa ni mita 9. Ukifika huko kwenye 40 lakini nakushauri usishikilie hesabu, shikilia udongo, chimba shimo uone mwamba uko wapi.

Maana kuna sehemu ngazi ni hatari kabisa. Februari 1970 Mgeta ilinyesha mvua ya kama milimita 100 kwa muda wa saa tatu hivi, na maporomoko madogo zaidi ya 1,000 yakashuka kwa mkupuo. Waliokwenda kuchunguza baadaye walikuta karibu yote yalianzia mashambani na kwenye majani matupu, kwenye msitu yalikuwa machache mno, chini ya asilimia moja. Mizizi mirefu inashika mlima. Kwaiyo sehemu yenye udongo mfupi juu ya mwamba, au mteremko unaozidi asilimia 55, mi nakataa kuchimba chochote kinachosimamisha maji, kwa sababu maji yakisimama yanazama, yakifika kwenye mwamba yanateleza na shamba lako juu yake. Hapo ni miti, migomba, kahawa, na fanya chini nyepesi, mitaro ambayo udongo wake unatupwa upande wa chini, za kutoa maji pembeni taratibu kwenda kwenye korongo lililooteshwa majani. Na juu kabisa ya shamba lazima kuwe na mfereji wa kukinga maji ya jirani, bila huo kila ulichochimba chini ni bure. Hapo ndo shughuli inapoanza sasa, maana mfereji unachimbwa kwenye ardhi ya mtu ambaye hana shida yoyote, shida iko kwa aliye chini yake, kwaiyo siku nzima inaweza kuisha kwenye kikao cha watu wawili na mwenyekiti wa kitongoji kabla jembe halijagusa chini. Siioni kama kupoteza muda hata kidogo. Hiyo ndo kazi yenyewe.

Suala la ardhi ya ukoo nalo ni zito. Kwa Waluguru ardhi inakwenda upande wa mama, wajomba ndo wasemaji. Anayelima mara nyingi amepewa tu sehemu alime au amekodi, na akipanda mti wa kudumu inaonekana anajimilikisha, anaweza kunyang'anywa shamba kwa mche mmoja wa mkangazi. Unamletea huyo mtu miche 50 ya miti alafu unashangaa imekauka nyuma ya nyumba! Kwa hali hiyo tunatumia vitu visivyoleta ugomvi, majani ya tembo, majani ya Guatemala na ya vetiva, na mananasi. Nanasi likipandwa kwenye mstari wa kontua linashika udongo vizuri sana, linauzika, na hakuna mjomba atakayeita kikao kwa ajili ya nanasi.

Na hapa nataka kuongea na watu wa Dar. Maji mengi mnayokunywa yanatoka mto Ruvu, na Ruvu inazaliwa kwenye hii milima. Oktoba 2022 mlipoingia kwenye mgao, mto ukiwa umeshuka vibaya, wengi mlilalamikia mabomba na pampu, hakuna aliyemuuliza mama wa Kibungo Juu shamba lake likoje. Iliwahi kufanyika hivyo lakini, kuanzia 2006 kulikuwa na mpango wa mashirika ya CARE na WWF ambapo watumiaji wa maji wa huku chini, DAWASCO iliyokuwa inasambaza maji Dar na kampuni ya soda ya Coca-Cola Kwanza, walichangia fedha za kuwalipa wakulima wa Kibungo Juu waliokubali kuchimba ngazi na fanya juu, mitaro ambayo udongo wake unatupwa upande wa juu, na kupanda miti. Watu walichimba. Wale wale ambao babu zao walikataa mwaka 1955. Mimi naona mpango wa namna hiyo ungetakiwa kuwa kitu cha kudumu kwenye bili ya maji, hata shilingi chache, kwa sababu mkulima wa juu anabeba gharama na anayefaidi yuko kilomita zaidi ya 150 chini. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni, sawa, lakini kule juu kuna familia ambazo shamba lao zima liko ndani ya hizo 60, ukimwondoa bila kumpa kitu unarudia yale yale ya mkoloni.

Kwa sasa kinachonikosesha usingizi ni karafuu. Bei imewavuta watu, kila mtu upande wa Tawa na Mkuyuni anapanda, na mti wenyewe ni rafiki wa mlima, ukishakua unashika udongo miaka mingi. Tatizo ni ile miaka ya mwanzo kabla matawi hayajafunika, watu wanapalilia kwa jembe shamba zima mpaka linang'aa, wanaona ndo usafi, alafu masika inakuja inakuta udongo uko uchi. Kama una karafuu changa naomba sana mwaka huu usilime katikati, fyeka kwa panga, jembe litumie kuzunguka shina tu. Majani uliyofyeka usichome, yalaze kwa kukingama na mteremko, mstari kwa mstari, na katikati ya mistari panda maharage au mananasi mpaka miti ifunge. Kama una mitaro ya zamani izibue kabla ya Machi, tope lililojaa humo ni ule udongo wako mweusi, lirudishe juu ya tuta.