Ngozi ya mzee ni nyembamba, ila dawa haipiti kirahisi hivyo

Kuna kitu watu wanakiamini sana, hata mimi nilikikuta kila mahali nilipouliza: eti ngozi ya mzee ikishakuwa nyembamba basi dawa ya kupaka inazama tu yenyewe. Sasa kinachokuwa chembamba ni tabaka la ndani, lile lenye kolajeni (protini inayoipa ngozi nguvu), lakini mlinzi wa mlangoni ni tabaka la juu kabisa la seli zilizokufa na mafuta katikati yake, na hilo hata ukifika miaka 80 unene wake haubadiliki sana.

Kinachobadilika ni kwamba linakauka. Maji yanapungua na mafuta pia, halafu damu inayopita chini ya ngozi inapungua, kwa hiyo dawa zinazopenda maji zinapata shida kupita. Mwaka 1989 watafiti Roskos, Maibach na Guy walipima vijana na wazee, wakakuta haidrokotisoni, kafeini, aspirini na asidi ya benzoiki zinaingia kidogo zaidi kwa wazee, ila kwa homoni za testosteroni na estradioli, ambazo zinapenda mafuta, hakukuwa na tofauti ya maana. Yani inategemea dawa yenyewe, siyo umri peke yake, na hapa ndo nawashangaa wanaosema "wazee wapake kidogo" kwa kila kitu.

Ila msijiachie, maana shida kubwa naona iko baada ya dawa kupita. Chukua plasta ya fentanili, ile ya maumivu makali inayobandikwa saa 72, dawa inajikusanya kwanza kwenye ngozi halafu ndo inaingia kwenye damu taratibu, kwa hiyo hata ukiibandua bado inaendelea kuingia kwa masaa mengi, na kama ini limechoka, haitoki haraka, mgonjwa anasinzia kupita kiasi na pumzi inapungua. Na ukimwekea chupa ya maji ya moto juu ya plasta, joto linasukuma dawa nyingi kwa mpigo. Hiyo usifanye kabisa, kijana au mzee.

Krimu za steroidi, zile za kutuliza muwasho na uvimbe, nazo zikipakwa muda mrefu zinazidi kuikondesha ngozi ambayo tayari imekonda, inabaki michubuko kila mahali. Na plasta yoyote ile, wakati wa kuitoa bandua polepole huku umeshikilia ngozi kwa kidole, ukivuta kwa haraka ngozi inachanika kweli.