Siku Yangu na Mapacha wa Miaka Minne: Tarehe 31 Ni ya Baba

Kwanza niwatambulishe. Nina mabinti wawili mapacha wa miaka minne, wanaofanana kiasi kwamba hata bibi yao huwatazama mara mbili kabla ya kuita. Majina yao nayahifadhi. Mmoja nitamwita Dada, kwa kuwa alimtangulia mwenzake duniani kwa dakika 12 na hajakubali tusahau. Wa pili nitamwita Mdogo, ingawa akisikia atanuna. Mama yao anafanya kazi ya zamu, na mwezi huu yuko zamu ya asubuhi. Mimi ni mhariri, kazi yangu naifanyia nyumbani, kwa hiyo kuanzia alfajiri hadi jioni mwenye zamu ya watoto ni mimi.

Saa 11:15 alfajiri

Mama Mapacha ameshatoka. Nikijitia kufungua kompyuta saa hii nitajuta, kwa sababu saa hii ni ya kupunguza ugomvi kabla haujazaliwa. Natandaza nguo kwenye viti viwili. Kila mmoja ana rangi yake: njano ya Dada, bluu ya Mdogo, kuanzia mswaki na taulo hadi kikombe. Watu hudhani ni urembo. Walipokuwa wachanga tulimpaka mmoja rangi kwenye ukucha wa kidole gumba cha mguu, kwa sababu saa tisa ya usiku, watoto wawili wana homa na wewe macho hayafunguki, lazima ujue kwa hakika nani ameshapewa dawa. Rangi za vikombe zilitokana na ule ukucha.

Saa 12:10 asubuhi

Leo ameamka Mdogo kwanza. Anakuja jikoni akiburuta blanketi, anapanda kiti, na anaanza kusimulia ndoto yenye ngazi, mbwa na kiatu kilichopotea. Simkatizi. Watu wakikutana na mzazi wa mapacha humpa pole ya usingizi, lakini usingizi hurudi wenyewe watoto wakikua kidogo. Kinachobaki kuwa adimu ni nafasi ya kukaa na mtoto mmoja. Wakiwa pamoja, ukimuuliza Mdogo swali, Dada analijibu. Anajua jibu, ana haraka, na mwenzake hana pingamizi. Asubuhi hizi ambazo Dada bado amelala ndizo ninazomsikia Mdogo akimaliza sentensi.

Hili si langu peke yangu. Kwa wastani mapacha huchelewa kidogo katika lugha wakilinganishwa na watoto waliozaliwa mmoja mmoja. Sababu mojawapo ni kwamba wengi wao huzaliwa kabla ya wiki ya 37, lakini nyingine ni hesabu nyepesi tu: maneno ya mtu mzima aliyepo nyumbani yanagawanywa kwa wawili. Wengi hufidia wakikua. Hata hivyo nikisikia miguu ya Dada inagusa sakafu, huwa natamani ningepewa dakika tano zaidi.

Saa 1:00 asubuhi

Miswaki. Dawa ya meno kiasi cha punje ya njegere, wao wanaanza, mimi namalizia, maana mkono wa mtoto wa miaka minne bado hauwezi kufika kila pembe. Kisha inakuja kesi ya nani afungue mlango.

Hapa lazima nieleze katiba ya nyumba hii. Zamani kila kitu kilikuwa shauri: nani abonyeze swichi, nani akae upande wa dirisha, nani achague hadithi. Tukaamua tarehe witiri ziwe za Dada, tarehe shufwa ziwe za Mdogo. Mwenye siku ndiye mwenye mlango, swichi, dirisha na hadithi. Hakuna rufaa. Amani ilishuka, hadi mwezi ulipoisha. Tarehe 31 ni witiri, na tarehe 1 inayofuata ni witiri pia. Dada akapata siku mbili mfululizo, na Mdogo, ambaye hata kuhesabu hadi 31 bado kunamshinda, aligundua kabla yetu. “Jana yake, leo yake tena?” Mama yake akachukua kalenda, akapiga hesabu: mwaka wa kawaida una tarehe witiri 186 na shufwa 179. Mtoto alikuwa anadhulumiwa siku saba kila mwaka.

Basi tukarekebisha katiba. Tarehe 31 ni ya Baba, na 29 Februari pia, ikitokea. Siku hiyo mimi ndiye ninayefungua mlango, ninayebonyeza swichi na ninayechagua hadithi, na wao wananitazama kwa wivu mmoja. Leo ni tarehe 31.

Saa 1:45 asubuhi

Kwenda chekechea kwa miguu. Mikono miwili, watoto wawili, mikoba yote mgongoni. Barabarani hatuzungumzi, tunavuka. Ng'ambo ya pili ndipo maswali ya wapita njia yanapoanza. “Mapacha hao? Yupi mkubwa?” Hilo si baya, Dada hulijibu mwenyewe kwa kidole. Baya ni lile linalofuata: “Na yupi mtundu?” Wanauliza mbele yao, wakitabasamu, kana kwamba utundu umegawiwa mmoja na mwingine akapewa upole. Mimi hujibu kwamba inategemea nani amelala vizuri. Mtoto akiambiwa kila wiki kwamba yeye ndiye mpole, mwishowe anaacha kudai zamu yake. Na hawa wangu wamebadilishana: mwaka jana aliyekuwa analia kuachwa shuleni ni Dada, siku hizi ni Mdogo.

Leo mama mmoja ametuuliza kama kuna mapacha kwenye ukoo. Hakuna. Mapacha wa yai moja kwa kawaida hawafuati ukoo. Yai lililorutubishwa hugawanyika lenyewe, na hilo hutokea kwa kadiri inayokaribiana kila mahali duniani, kama uzazi 3 hadi 4 katika kila 1,000. Wanaofuata ukoo ni mapacha wa mayai mawili, hasa kwa upande wa mama, kwa sababu tabia ya kukomaza mayai mawili kwa mwezi mmoja inaweza kurithiwa. Sisi wenyewe tuliishi muda mrefu tukiamini wetu ni wa mayai mawili, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kondo lake la nyuma. Kumbe karibu theluthi moja ya mapacha wa yai moja huwa hivyo. Yai likigawanyika mapema, siku chache za mwanzo, kila upande hujitengenezea kondo lake. Kipimo cha vinasaba ndicho kilichomaliza ubishi. Alama za vidole, lakini, zinatofautiana. Hata mapacha wa yai moja hawachangii hizo. Wanapenda sana kulisikia hilo. Wiki nzima waligonga vidole vyenye wino ukutani kuhakikisha.

Saa 2:10 asubuhi

Mlangoni pa darasa Mdogo ananing'ang'ania shingoni, Dada ameshapotea ndani. Wako darasa moja, meza mbalimbali. Watu wana misimamo mikali kuhusu kuwatenganisha mapacha shuleni, lakini tafiti hazijaonyesha kwamba kuwatenganisha wote kuna faida, wala kwamba kuwaacha pamoja kunawaharibu. Ni suala la kumtazama mtoto uliye naye. Ombi langu kwa mwalimu lilikuwa moja tu: “Mwalimu, tafadhali usiwaite Mapacha. Waite majina.” Akicheka aliniambia kwamba akiita Mapacha angalau hakosei.

Saa 3:00 asubuhi hadi saa 7:30 mchana

Kazi. Sura mbili za kitabu cha watu wengine, chai iliyopoa, kikao cha simu ambacho kingetosha kuwa ujumbe.

Saa 5:40 simu ya shule: mmoja ameanguka kwenye bembea, amechubuka goti, si jambo kubwa. Yupi? Kimya kidogo. “Mwenye sweta la bluu.” Nikauliza kama anaweza kumwangalia chini ya kidevu, maana Dada ana kovu dogo hapo. Kovu lipo. Walikuwa wamebadilishana masweta kabla ya saa nne. Nikacheka, lakini nusu tu. Wana tarehe moja ya kuzaliwa, jina moja la ukoo, na sura moja. Mfumo wa kompyuta wa kliniki moja uliwahi kumkataa Mdogo ukidai mtoto huyo ameshaandikishwa. Tangu hapo kadi za chanjo nazisoma mwenyewe, kwa sauti, mbele ya muuguzi, jina kamili na uzito. Muuguzi akiniona msumbufu, sawa.

Saa 8:00 mchana

Wanasimulia anguko kwa pamoja, na Mdogo ndiye anayechechemea.

Nyumbani Dada analala. Mdogo aliacha usingizi wa mchana zamani, na hakuna aliyeharibika: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataja saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku kwa watoto wa miaka 3 na 4, pamoja na ule wa mchana kwa anayeulala. Dada anazigawa mara mbili. Mdogo anazimaliza zote usiku. Yai moja, saa mbili tofauti. Kwangu ni neema, kwa sababu napata tena mtoto mmoja mezani, anakata karatasi kwa mkono wa kushoto huku mimi nikipitia sura yangu.

“Baba, mimi nilibaki tumboni kwa mama peke yangu?”

“Ndiyo, dakika 12.”

“Nilikuwa nafanya nini?”

Nikamwambia alikuwa anajinyoosha, maana nafasi ilikuwa imepatikana hatimaye. Akafikiri, mkasi ukiwa hewani.

“Niliona kuzuri?”

Nikamuuliza yeye anaonaje. Akasema kulikuwa kuzuri lakini hakukuwa na mtu wa kumsukuma. Sura ile ya kitabu sikuimaliza.

Saa 10:15 jioni

Nje. Mwongozo uleule unataka watoto wa umri huu wachangamshe mwili angalau dakika 180 kwa siku, 60 kati ya hizo ziwe za kuhema. Sijawahi kuhitaji kupima. Uwanjani mapacha hawakimbii pamoja kama kwenye picha za matangazo. Mmoja anaelekea bembea, mwingine geti. Kanuni yangu ni kumfuata aliye karibu na hatari, hata kama anayelia ni yule mwingine. Leo imebidi nimpite Dada akipiga kelele juu ya mchanga uliomwingia kiatuni, nikamdake Mdogo aliyekwisha kufungua komeo.

Baadaye wamegombania baiskeli. Ipo moja, kwa makusudi. Tuliwahi kununua vitu viwiliviwili na ugomvi haukupungua, ulihamia kwenye kubishania kipi ni cha nani. Kwa kitu kimoja tunatumia kengele ya simu: dakika tano, mtu anashuka. Kengele wanaitii kuliko mimi.

Saa 12:00 jioni

Mama amerudi. Nimemzuia asisalimie akiwa amesimama, maana magoti yana nafasi ya mmoja tu. Anaketi sakafuni kabisa na wote wawili wanamwangukia. Kuoga, nywele, chakula. Haya yanakwenda haraka kwa sababu sasa mtu mzima ni mmoja kwa kila mtoto, na hapo ndipo wazazi wa watoto wa umri tofauti wanapotuonea wivu: wa kwetu usiku wanalala wakati mmoja, wanakula wakati mmoja, na wanaumwa karibu pamoja. Isipokuwa tetekuwanga, iliyomchukua Dada, ikaondoka, tukapumua, kisha ikamrudia Mdogo takriban wiki mbili baadaye, kama kawaida yake.

Saa 1:30 usiku

Hadithi. Nimechagua mimi, kwa mamlaka niliyopewa na kalenda, na nimechagua ndefu isiyo na picha nyingi. Hawa waliotaka kung'oana nywele kwa ajili ya baiskeli sasa wameshikana mikono. “Baba, hiyo hatuitaki.” Nimewakumbusha katiba. Dada akasema wao ni wawili na mimi ni mmoja. Mdogo akaongeza kwamba na Mama yuko upande wao, jambo ambalo mama yao, akikunja nguo mlangoni, hakulikanusha. Nimesoma kurasa mbili za kitabu changu na kitabu chao chote.

Saa 3:00 usiku

Nimemalizia ile sura. Mama Mapacha amekaa na kalenda ya ukutani mapajani, tunapanga Jumamosi, siku tunayojitahidi kila mzazi atoke na mtoto mmoja. Zamu iliyopita nilikuwa na Mdogo, kwa hiyo sasa Dada ni wangu.

“Haya, umchukue,” akasema. “Mimi na Mdogo.”

“Na Jumapili?”

“Jumapili wote wawili waende kwa mama yako. Mimi nalala.”

“Na mimi?”

“Wewe unawapeleka.”